Dumu la maji kutoka Marangu

Kwa miezi kama minane kahawa yangu ya asubuhi ilikuwa bahati nasibu. Jumatatu tamu, hadi nabaki nimeshika kikombe kitupu. Jumanne chungu kama mwarobaini. Jumatano chachu, utadhani kuna mtu kakamulia ndimu nikiwa nimegeuka. Buni zile zile, koni ile ile ya plastiki ya kuchujia, mikono yangu hii hii. Mimi ni mtunza hesabu wa duka la vifaa vya ujenzi hapa Dar. Siku nzima nahakikisha misumari iliyoingia na iliyotoka inakubaliana na daftari. Kitu kinachobadilika bila sababu huninyima usingizi kuliko kahawa yenyewe.

Buni natumiwa na mama, kutoka kwenye mibuni michache iliyobaki chini ya migomba ya kihamba chetu, shamba la familia kule Marangu, Kilimanjaro. Nazikaanga mwenyewe kwenye sufuria. Vifaa vingine havizidi vidole vya mkono mmoja: koni, karatasi za kuchujia, mashine ndogo ya kusagia kwa mkono, na buli la aluminiamu nililorithi kwa bibi. Nimeona watu wakinunua birika zenye shingo kama ya korongo kwa bei ya kreti kadhaa za mayai. Mdomo wa buli la bibi ni mwembamba kama kidole changu cha mwisho, na unamwaga maji kama uzi. Sijaona sababu ya kulistaafisha.

Mshtakiwa wa kwanza alikuwa kijiko. Nilikuwa napima "vijiko viwili" na kujiona mtu wa vipimo. Siku niliyonunua mizani ya jikoni Kariakoo, ile inayoonyesha gramu moja moja, nilichota vijiko kumi na kupima kila kimoja. Chepesi kilikuwa gramu 5, kizito gramu 8. Yaani kahawa yangu ya "vijiko viwili" ingeweza kuwa gramu 10 leo na 16 kesho, halafu nalaumu buni. Na kuna jambo ambalo sikulijua: buni zikikaangwa sana huvimba na kuwa nyepesi, kwa hiyo kijiko kile kile hubeba kahawa pungufu. Kwa mtu anayekaanga kwenye sufuria huku anasikiliza redio, hilo si jambo dogo.

Sasa ni gramu 15 za kahawa kwa gramu 240 za maji. Koni na kikombe vyote vinakaa juu ya mizani, namwaga huku naangalia namba. Mkononi huwezi kujua umemwaga 240 au 290, hata kama umepika maisha yako yote.

Kusaga ndiko kulikonipotezea muda mrefu. Kabla ya mashine nilitwanga kwenye kinu cha vitunguu saumu, baada ya kukiosha, ingawa mume wangu hakuwahi kuamini hiyo sehemu ya kukiosha. Kinu kinatoa vumbi na vipande kwa pamoja. Vumbi linaachia ladha yake haraka na kupitiliza hadi uchungu, vipande vikubwa bado havijatoa kitu zaidi ya uchachu, na wewe unavinywa vyote katika kikombe kimoja. Nilijaribu kuchekecha kwa kichujio cha chai. Inasaidia kidogo, ila unatupa robo ya kahawa ya mama. Mashine inasaga sawasawa; nimeweka alama ya rangi nyekundu ya kucha kwenye skrubu yake pale punje zinapolingana na sukari ya dukani. Maji yakichelewa kushuka najua nimesaga laini mno, yakikimbia najua ni nene.

Kumwaga kwenyewe hakuna uchawi. Nasuuza karatasi kwa maji ya moto iache harufu yake ya kikatoni, natupa hayo maji, naweka kahawa, namwagia gramu 40 na kusubiri sekunde 40. Hapo kahawa inaumuka kama unga wa maandazi, hewa ya ukaa iliyonasa wakati wa kukaanga inatoka. Kahawa ya zamani inalala tu pale, haiumuki. Ile ya kukaangwa jana inaumuka kwa fujo, na maji hayaiingii vizuri, ndiyo maana siku hizi naiacha siku nne kabla ya kuigusa. Baadaye namwaga kwa kuzungusha taratibu mpaka 140, yanashuka kiasi, namalizia hadi 240. Dakika 2 na sekunde 40 mpaka dakika 3, imekwisha.

Karatasi zikiisha dukani, na huisha, nina mfuko niliojishonea kwa kitambaa cha marekani. Unapitisha mafuta mengi kuliko karatasi, kahawa inakuwa nzito mdomoni, naipenda. Lakini usipouchemsha kila baada ya siku mbili tatu unavunda. (Aliyeanzisha haya mambo ya karatasi ni mama mmoja wa Dresden, Ujerumani, Melitta Bentz, mwaka 1908. Alitoboa chombo cha shaba kwa msumari, akaweka karatasi ya kukaushia wino aliyoichomoa kwenye daftari la mwanawe. Namwelewa kabisa. Na mimi daftari langu la kahawa nililitoa kwenye begi la shule la mwanangu.)

Humo kwenye daftari naandika uzito, alama ya skrubu, muda na neno moja la ladha. Kanuni ni kubadili kitu kimoja tu kwa siku. Kwa utaratibu huo nilipata mwezi mzima wa kahawa inayofanana, nikaanza kuringa.

Ndipo ikaja Desemba, nikaenda Marangu na koni, mizani na buli vimefungwa ndani ya kanga. Nilitaka mama aonje kahawa yake mwenyewe. Miaka yote kahawa kwetu ilikuwa ada za shule na mabati. Yeye anakunywa chai ya maziwa. Nikapima kila kitu kama Dar. Ikatoka nyepesi na chachu, lakini yenye harufu kama ya ua, harufu ambayo Dar sijawahi kuinusa. Mama akanywa nusu, akasema, "Inanukia vizuri. Tia sukari." Nilitamani kujificha nyuma ya migomba.

Shemeji anayeuza mtindi aliniazima kipimajoto chake cha maziwa. Maji yakichemka kule, kwenye mwinuko wa kama mita 1,500, yanaishia nyuzi joto 95 hivi. Kila ukipanda mita 300 yanapungua karibu nyuzi moja. Nikiyamimina kwenye buli la baridi yanashuka hadi 88. Dar yanachemka kwa 100, kwenye buli yanakuwa 93, na huo ndio moto niliouzoea bila kujua. Kesho yake nililiweka buli lenyewe juu ya jiko, nikamwaga bila kusubiri. Uchachu ukaondoka, harufu ya ua ikabaki. Mama safari hii hakutaja sukari. Alikaa kimya na kikombe, akaangalia mibuni yake, akasema, "Kumbe tulikuwa tunauza hiki."

Lakini harufu ile ilinisumbua. Moto nilishaurekebisha, kwa hiyo kilichobaki ni maji. Nikajaza dumu la lita tano kwenye mfereji unaoshuka kutoka mlimani na kupanda nalo basi.

"Dada, hiyo ni mbege?" kondakta akauliza.

"Maji."

"Unabeba maji kwenda Dar?" Akafungua kifuniko, akanusa, akanirudishia kwa huruma.

Nyumbani nikatengeneza vikombe viwili: maji ya Marangu, na maji ya tenki letu, ambayo ni ya kisima na sabuni haitoi povu bila kugombana nayo. Gramu zile zile, nyuzi 93 vyote. Cha Marangu kilinukia. Cha tenki kilikuwa bapa, kama mtu anayeongea akiwa amefunikwa mto usoni. Vile vitu vinavyoacha ukoko mweupe ndani ya birika humeza uchachu mzuri wa kahawa, kama magadi yanavyoua ndimu. Hiyo bahati nasibu ya mwanzo nayo nikaielewa zaidi: wiki bomba likitoka tunachanganya, lisipotoka ni kisima kitupu. Siku hizi masika nakinga ya mvua, msimu mwingine nanunua lita moja, inanitosha vikombe vinne.

Si kila mtu kafurahi. Mzee jirani yetu, mtu wa Pangani, mnywaji wa kahawa ya kijiweni iliyochemka kwenye delle mpaka ikasalimu amri, nilimpelekea kikombe Jumapili. Akaonja, akanitazama kwa upole.

"Mwanangu, hii kahawa, au umesuuza kikombe?"

Nikampa kashata, akamaliza kwa heshima. Nami kwenye daftari nikaandika: 15, 240, dakika 2 na sekunde 50, "mzee hapana".

Jana mama kapiga simu. Nikadhani anataka kujua kahawa inaendeleaje huku. Anataka dumu lake.