Taa ya LED niliyoiunda kwa ajili ya matumbawe yangu

Tangi langu la maji ya chumvi lina urefu wa sentimita 90, upana wa sentimita 45 na kina cha sentimita 45, nalo liko sebuleni kwangu Migosi, mjini Kisumu, mamia ya kilomita kutoka Bahari ya Hindi. Kwa mwaka mzima lilikuwa na mawe, mchanga na samaki wawili tu, kwa sababu sikuwa na taa inayoweza kuyaweka matumbawe hai. Taa zinazotengenezwa viwandani kwa kazi hiyo huagizwa kutoka ng'ambo, na bei yake, ukijumlisha usafiri na ushuru, ilinishinda. Nikaamua kuunda yangu.

Kabla ya kununua chochote nilihitaji kuelewa taa hii inamwangazia nani. Tumbawe ni mnyama, lakini ndani ya nyama yake huishi mwani mdogo usioonekana kwa macho, ambao hutengeneza chakula kwa nguvu ya mwanga na kumgawia mwenyeji wake sehemu kubwa ya chakula hicho. Kwa hiyo taa ya tangi la matumbawe ni shamba la mwani kwanza, na pambo la sebule baadaye. Mwani huo umezoea mwanga wa chini ya maji, na maji ya bahari huumeza mwanga mwekundu katika mita chache za mwanzo huku yakiuacha wa buluu uzame mbali. Nililiona jambo hilo mwenyewe nilipoogelea na miwani ya maji katika Hifadhi ya Bahari ya Watamu, ambayo imelindwa tangu mwaka 1968: kitambaa chekundu nilichofunga mkononi kilizidi kupoteza rangi kila niliposhuka, ilhali miamba ilijaa ubuluu. Kutoka huko sikuchukua hata jiwe, wala hakuna anayepaswa kufanya hivyo.

Kwa sababu hiyo nilichagua LED 24 za wati 3, nyingi zikiwa za buluu. Kumi na mbili ni za buluu iliyokoza, yenye urefu wa wimbi wa nanomita 450 hivi (kipimo kinachotaja rangi ya mwanga), karibu na pale ambapo klorofili, yaani rangi ya kijani inayonasa mwanga ndani ya mwani, huupokea vizuri zaidi. Nne ni za buluu nyepesi ya nanomita 470, na nane ni nyeupe. Ni vyema kukumbuka kwamba LED angavu ya buluu ilichelewa sana kupatikana, na kwamba waliofanikisha kazi hiyo, Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura, walitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Bila kazi yao ningekuwa bado natafuta taa za gesi zinazokula umeme wa mamia ya wati na kuchemsha maji.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo limewaharibia wengi kazi yao. Mtu huichukulia LED kama balbu: hutafuta adapta yenye volti zinazolingana, huunganisha nyaya, taa ikawaka, naye akaridhika. Lakini LED inapopata joto, volti inazohitaji hupungua. Adapta ikiendelea kutoa volti zile zile, mkondo wa umeme huongezeka. Mkondo ukiongezeka, joto huzidi. Joto likizidi, mkondo hupanda tena, hadi LED iungue. Kinachotakiwa ni kidhibiti cha mkondo, yaani kifaa kinachoshikilia mkondo mahali pamoja, huku kikiziacha volti zipande au zishuke kadiri LED zinavyohitaji. Kila LED yangu hutumia volti 3.2 hivi inapopitisha miliampia 700, kwa hiyo kumi na mbili zilizofungwa kwa mfululizo zinahitaji takriban volti 38. Nilinunua vidhibiti viwili vya miliampia 700 vinavyoweza kufika volti 48, kimoja kwa mstari wa buluu iliyokoza na kingine kwa mstari wa nyeupe na buluu nyepesi, vyote viwili vikiwa na kirungu cha kupunguzia mwanga. Kirungu hicho nilikiona kama anasa wakati wa kununua. Baadaye ndicho kilichoyaokoa matumbawe.

Mistari miwili hiyo ikiwaka kwa nguvu zote inakula kama wati 54, na karibu nusu yake hugeuka joto mahali padogo kuliko ukucha, nyuma ya kila LED. Mjini Kisumu, ambako mchana hukaribia nyuzi 30 za Selsiasi siku nyingi, joto hilo halina mahali pa kukimbilia, na tangi lenyewe linatakiwa likae kwenye nyuzi 25 au 26. Nilikwenda sokoni Kibuye kutafuta aluminiamu nene yenye mapezi, nikaipata kwa fundi wa redio aliyekuwa amebomoa amplifaya mbili kubwa za zamani. Aliponiona nikipima urefu akaniuliza, "Mwalimu, unaunda taa ya omena?" Swali hilo lilikuwa na msingi, kwani wavuvi wa omena hutumia taa za LED na betri ziwani usiku, na yeye huzitengeneza. Nilipomweleza, alinikatia vipande viwili vya sentimita 35, akanitobolea matundu na kuyakata hesi kwa skrubu za milimita 3, kazi ambayo mimi ningeiharibu.

Nyuma ya kila LED nilipaka grisi ya kupitisha joto, tabaka jembamba sana, kwa maana kazi yake ni kujaza mianya midogo tu kati ya metali mbili, na ikiwa nene huwa kizuizi. Nilijifunza pia kuzipaka risasi ya kuchomelea ncha za LED kabla ya kuzifunga, kwa kuwa zikishafungwa, aluminiamu hunyonya joto la chuma cha kuchomelea na risasi haishiki. Kisha nikapima kwa multimita, yaani kipima umeme, kati ya kila ncha na aluminiamu; mbili zilikuwa zimegusana nayo, nikazifungua na kuzirudia. Juu ya mapezi niliweka feni mbili za kompyuta, na kwenye waya wa umeme nikaweka swichi ya joto inayokata ikifika nyuzi 60, ili feni ikikwama taa ijizime yenyewe.

Adui wa pili ni chumvi. Matone madogo hurukia juu kila mapovu yanapopasuka, maji hukauka, chumvi hubaki na kula aluminiamu na shaba. Nilifunika LED kwa akriliki angavu, yaani plastiki ngumu kama kioo, nikainua taa sentimita 25 juu ya maji, na kuhakikisha kwamba kila waya unashuka chini ya soketi kabla ya kupanda kuingia, ili tone linalofuata waya lianguke sakafuni. Aluminiamu imeunganishwa na waya wa ardhi, na soketi nzima inalindwa na swichi inayokata umeme mara tu mkondo unapovuja.

Vipande vya kwanza vya matumbawe nilivipata kwa mfugaji wa Nairobi anayevikata na kuvikuza katika matangi yake: matumbawe ya uyoga, ya vifungo na kipande kimoja cha tumbawe la ngozi. Niliwasha taa kwa nguvu zote kwa furaha. Siku ya nne uyoga ulikuwa umejikunja na rangi yake ya kahawia imefifia kabisa. Mwanga ukizidi, mwani huzalisha sumu ya oksijeni na mnyama huutoa nje ya mwili wake. Ndivyo hutokea pia maji ya bahari yanapozidi joto, kama ilivyotokea kwenye miamba ya pwani yetu mwaka 1998. Nilijaribu kupima mwanga kwa simu, lakini kipimo hicho kimetengenezwa kufuata jicho la binadamu, na jicho letu huihesabu buluu kidogo mno, kwa hiyo namba ilisema taa ni hafifu wakati matumbawe yalikuwa yanaungua. Nikashusha mistari yote hadi miliampia 200, kisha nikaongeza 50 kila wiki huku nikiyatazama matumbawe yenyewe, na nikasimama kwenye 450.

Sasa buluu huwaka saa tatu asubuhi, nyeupe hufuata saa tano na kuzimika saa kumi na moja jioni, na buluu huzimika saa tatu usiku. Kila Jumamosi nafuta chumvi kwenye akriliki kwa kitambaa chenye maji yasiyo na chumvi. Kahawia ya uyoga ilirudi baada ya wiki sita. Juzi niliona mmoja umejigawa, na mtoto wake ameshika upande wa jiwe ulio na kivuli, mahali ambapo taa yangu haifiki vizuri, na hapo nimemwacha.