Siku moja maishani mwangu: fundi wa laptopu zisizowaka, Mwanga, Kigoma

Saa 1:00 asubuhi. Saa yetu ni moja na ya Dar es Salaam, ila jua hutufikia zaidi ya nusu saa baadaye, kwa hiyo nafungua kibanda wakati ndiyo kwanza linachungulia. Nafagia, nafuta meza kwa spiriti, najaribu mita ya kupimia umeme kwenye betri ninayojua ni nzima ili nijue leo haitanidanganya. Mashine za jana nazipanga rafuni, kila moja na karatasi yake: jina la mwenyewe, namba ya mashine, ukubwa wa diski na wa RAM, ile kumbukumbu ya muda. Hayo nayaandika mteja akiwa amesimama hapo hapo na anasaini. Mafundi tunasemwa kwamba tunanyofoa vifaa vizima na kurudisha vibovu. Mimi sitaki mtu alale akiwaza hivyo juu yangu.

Saa 2:00. Mwanafunzi wa chuo analeta laptopu "haiwaki". Nabonyeza kitufe, nasikia feni, taa ya chaji inawaka, kioo ndicho cheusi. Hiyo inawaka, haionyeshi tu, na ni ugonjwa mwingine kabisa. Natoa RAM, nasugua meno yake kwa kifutio, napitisha spiriti, narudisha. Picha hiyo. Analipa 10,000, anawahi darasani.

Saa 3:00 ni chaja iliyokatika waya shingoni na tundu la chaji lililolegea. Solda, gundi, kazi imeisha.

Saa 4:00 kasoro akaja mzee mmoja, mfanyabiashara wa dagaa wa kule Kibirizi, kashuka kwenye bajaji na mkoba kifuani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba kijana. Hii ni betri tu, na betri nimeshanunua mpya. Wewe nifungie iwake, nina haraka."

Nikamuuliza ilizimaje. Iliwaka vizuri hadi juzi usiku, umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena. Asubuhi kimya. Fundi mmoja wa simu akamwambia betri imekufa, akanunua betri kwa 85,000. Haikuwaka. Akaambiwa basi ni chaja, akanunua na chaja. Haikuwaka. Jumla alishatoa zaidi ya 120,000 na hakuna aliyewahi kuifungua.

Hapo ndipo ninapotaka watu wanielewe. Wengi wanaamini fundi analipwa kwa kifaa anachobadilisha. Kifaa ni hatua ya mwisho. Kazi yenyewe ni kujua umeme umeingia hadi wapi na umekwama wapi, na hiyo ndiyo kazi ambayo watu hawaioni na hawataki kuilipia.

Nikachukua chaja yake mpya, nikapima: volti 19.4, nzuri, maana kibandiko kinasema 19.5. Nikaichomeka kwenye mashine. Taa ndogo ya kwenye chaja ikazima papo hapo. Nikaichomoa, bado imezima, mpaka nilipoitoa ukutani na kuirudisha ndipo ikawaka. Nikamwonyesha mzee mara mbili. Chaja ikifanya hivyo inajilinda: ndani ya mashine kuna shoti, umeme unaingia na kwenda moja kwa moja ardhini. Hata ungeiwekea betri kumi, haitawaka.

"Kwa hiyo betri yangu ya zamani ilikuwa nzima?"

"Tutaipima, mzee. Kwanza tuifungue."

Nikamwambia aiache, arudi jioni. Akakataa. Kwenye mashine ile kuna madeni ya watu wote anaowapelekea dagaa na mawese, wakiwemo wa Kalemie ng'ambo ya ziwa, na jioni ile kulikuwa na mtu wa kuondoka na boti aliyehitaji hesabu zake. Akavuta stuli, akakaa karibu na mkono wangu. Nilimwelewa. Lakini kufanya kazi mtu akikupumulia begani na kuuliza "bado?" kila ukishika bisibisi kunachosha kuliko kazi yenyewe.

Nikafungua mfuniko, nikachomoa betri kwanza, nikashikilia kitufe cha kuwashia nusu dakika ili umeme uliobaki uishe. Nikatoa diski, nikamkabidhi mkononi.

"Hesabu zako ziko humu, mzee. Hata mazabodi, ile bodi kuu, ikifa, hizi hazifi."

Uso ukamlegea kidogo. Baada ya hapo maswali yakapungua.

Nikaweka mita kwenye njia kuu ya umeme, pale volti 19 zinapoingia kabla ya kugawanywa kuwa 5 na 3 za kuamshia mashine. Mita ikalia mlio mrefu, usiokatika. Shoti kamili. Sasa, kwenye njia ile kuna kapasita nyingi, vijidude vya kutunza umeme kidogo, zimeungwa sambamba. Moja tu ikipasuka ndani, mita itakulilia juu ya zote. Ukianza kung'oa moja moja kwa kubahatisha unaua bodi. Ndiyo maana nina pawasaplai ya mezani, kifaa cha kutoa umeme wa kiasi ninachokipanga mwenyewe. Niliiweka volti 1 tu, ili kisiungue kitu kizima, nikaifungulia ampia za kutosha na kumwagia spiriti juu ya bodi. Kile chenye shoti hupata joto, na spiriti hukauka juu yake kabla ya pengine.

Nikasogeza taa. Nikainama. Bodi ilikuwa imelowa, inang'aa. Karibu na tundu la chaji kikaanza kutokea kiduara kikavu, kikapanuka, na katikati yake kapasita moja ya rangi ya udongo, ndogo kama punje ya ufuta.

"Ni hiyo," nikasema.

Na umeme ukakatika.

Ilikuwa kama saa 7 hivi. Kigoma tumeishi miaka mingi kwa majenereta ya dizeli, kusubiri tunakujua. Nina kibetri cha sola kinachobeba taa na simu, lakini bloa ya kuyeyushia solda hakiiwezi. Nikachomoa kila kitu ukutani, kwa sababu umeme unaporudi kwa kishindo ndipo chaja na bodi nyingi hufa, na naomba kila anayesoma hapa afanye hivyo nyumbani kwake. Mzee akaanza upya: kwa nini nisiing'oe kwa mkono, kwa nini nisimpelekee fundi mwingine, boti haingoji mtu. Simu yake inaita, anajibu kwa sauti, "nipo kwa fundi, ananichelewesha." Nikanyamaza. Nikaagiza ugali wa muhogo na mgebuka wa mawese, nikamkaribisha. Alikataa, kisha akanawa mikono.

Umeme ulirudi alasiri, sikutazama hata saa. Nikapasha bloa, nikakamata kapasita kwa kibano, ikaachia. Mita: kimya. Mashine ingewaka bila ile moja, lakini siachi pengo kwenye bodi ya mtu. Kipuri kipya kingetoka Dar, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli, kwa hiyo nikatoa inayolingana kwenye bodi mfu ninazozitunza kwenye kopo, ya volti 25, nikaipima, nikaisolda. Chaja ndani. Taa haikuzima. Nikabonyeza kitufe, feni ikavuta pumzi, kioo kikaja, na mzee akasimama.

Mgongo ulikuwa unaniuma na macho yanawasha. Nikamwambia 40,000: 10,000 upimaji, 30,000 kazi.

"Kwa kitu hiki?" Alikuwa amekishika kwenye ncha ya kidole. "Hata hakionekani!"

"Mzee, hicho ni bei ya chini kuliko kitumbua. Unalipia kujua kwamba ni hicho, katikati ya mamia."

Tukavutana. Akatoa 15,000, akaongeza 10,000. Nikashikilia bei yangu, kwa adabu, bila kupandisha sauti. Nikampimia betri ya zamani mbele yake, nzima, nikamwandikia karatasi yenye vipimo aipeleke dukani arudishiwe hela ya ile mpya. Aliisoma pole pole. Akahesabu 40,000, akaweka mezani, akamwita bajaji.

Baadaye akapiga simu kwamba boti amewahi, na kwamba mwanawe ana mashine imelala kabatini tangu mwaka jana.

"Mwambie ailete na chaja yake ya zamani," nikamwambia, "na asinunue kitu chochote kwanza."