Kaboni za dainamo zinakaa wapi hasa?

Jana nimemaliza dainamo ya zamani ya kuchajia betri, ya sumaku nne, mteja kaileta toka Tukuyu, na mpaka sasa nina furaha nayo sana aisee. Ilikuja inatoa cheche balaa kwenye komyuteta, yaani ule mduara wa vipande vya shaba unaozunguka ukisuguana na kaboni zinazopokea umeme, nikabadilisha kaboni, nikapiga msasa, nikachimba maika, ile inayozuia umeme usipite, kati ya vile vipande vya shaba, cheche zipo palepale. Kumbe aliyeifungua kabla yangu alilegeza ringi inayoshika kaboni akairudisha bila alama.

Nikafungua daftari la chuo, mchoro unaonyesha kaboni ziko kati ya sumaku na sumaku, nikazungusha ringi mpaka hapo, nikawasha injini, mshale wa voltimita haujanyanyuka kabisa. Niliishiwa nguvu. Mzee mmoja wa gereji ya jirani hapa Mwanjelwa akaja, nikampa shikamoo, akainama akaniuliza, "Mwanangu, hebu fuata huu waya wa koili toka kwenye komyuteta kwa kidole, unaishia wapi?"

Nikafuata. Kaboni ikigusa vipande viwili kwa pamoja inaishoti koili iliyoungwa hapo, na ni muda huohuo mfupi umeme ndani ya koili unageuka uelekeo. Koili hiyo ndo inatakiwa iwe kati ya sumaku na sumaku, siyo kaboni! Ikiwa bado iko chini ya sumaku inazalisha umeme wake, unazunguka kwenye shoti, kipande kikiachana na kaboni unaona moto. Sasa ncha za koili zinapindishwa kabla ya kufika kwenye komyuteta, kwa hiyo kwenye hii, kama zilivyo mashine nyingi, kaboni inakaa usawa wa tumbo la sumaku.

Tukapima ikiwa imesimama, betri ya volti 12 kwenye fildi (zile koili za kwenye sumaku) unagusisha na kuachia waya, mita ya mshale kwenye kaboni mbili zinazofuatana. Mshale unaruka kulia, unasogeza ringi, unaruka kidogo, unasogeza tena unaruka kushoto, hapo umepitiliza, rudisha. Unapotulia ndo penyewe. Nikapiga alama kwa patasi.

Haina zile sumaku ndogo za kuzuia cheche zinazokaa kati ya sumaku kubwa, so ikibeba mzigo sehemu tulivu inahama kufuata mzunguko, nikasogeza kaboni kidogo hukohuko (ingekuwa mota ningerudisha kinyume). Imechaji masaa mawili, usiku nikazima taa ya gereji nikachungulia, giza tupu, hata cheche moja hamna.