Nipe vibanio vitatu, mama

Binti yangu alipofika miaka miwili na miezi minne alikuwa anahesabu moja mpaka kumi bila kukwama, na mi kila mgeni akija namwita, njoo umhesabie mjomba, anasimama katikati ya sebule anaimwaga yote watu wanapiga makofi. Nikajua hesabu imeshaingia hiyo. Sasa siku moja tuko uani naanika nguo, yeye ndo kashika kopo la vibanio, nikamwambia nipe vibanio vitatu, mama. Akachota mkono mzima akanipa. Nikasema hapana, vitatu tu. Akachungulia kwenye kopo, akachota tena akaniongezea! Haya basi, hesabu hivyo, akaanza moja mbili tatu nne, kidole kinaruka kibanio hiki kinagusa kile mara mbili, mdomo umeshafika kumi na vibanio bado vipo kwenye kiganja changu.

Nilisimama pale na shuka bichi begani nikaelewa kwamba mwanangu alikuwa anaimba. Kumi ilikuwa mwisho wa wimbo tu.

Nikaanza kusoma usiku usiku kwenye simu, na kumbe ndivyo watoto wanavyokwenda, hamna kasoro yoyote. Mtoto anashika maneno kwanza, halafu anakuja kuelewa moja, yaani ukimwomba moja anakupa moja, ukimwomba zaidi ya hapo anachota tu. Inapita miezi ndo anaijua mbili. Miezi mingine, tatu. Wengi wanakuja kushika kwamba namba ya mwisho uliyotaja ndo idadi ya vitu vyote wakiwa wamekaribia miaka minne hivi, wengine mapema, wengine baadaye. Kwa hiyo mtoto wa miaka miwili anayejua moja kamili na kuanza kuikaribia mbili yuko vizuri kabisa, na mi nilikuwa nakimbilia ishirini.

Kilichonishangaza zaidi ni vichanga. Mwaka 1992 mtafiti wa Marekani anaitwa Karen Wynn alichukua watoto wa miezi mitano, akawaonyesha mdoli mmoja kwenye kijukwaa, akaufunika kwa kibao, halafu mkono ukaonekana unaingiza mdoli wa pili nyuma ya kile kibao. Kibao kikishushwa na wakakuta mdoli mmoja tu, watoto walikodoa macho muda mrefu zaidi kuliko wakikuta wawili. Miezi mitano jamani, hajakaa vizuri, lakini anahisi hapa kuna kitu hakijakaa sawa. Toka nisome hiyo nikimbeba mtoto mdogo wa jirani nacheza naye ule mchezo wa kujificha nyuma ya khanga, nachezea na vijiko viwili, kimoja kinazama kinarudi, na anaangalia kweli.

Na lugha yetu inatusaidia sana ila hatuitumii. Ukisema kijiko kimoja, vijiko viwili, umeshaonyesha kama ni kimoja au ni vingi kabla hata ya namba, mwanzo wa neno wenyewe umebadilika. Kuna utafiti wa mwaka 2007 walilinganisha watoto wanaojifunza Kiingereza na Kirusi na wale wa Kijapani, lugha ambayo neno kwa kawaida halibadiliki vitu vikiwa vingi, na wale wa Kijapani walichelewa kidogo kuishika moja. Halafu angalia kumi na moja, kumi na mbili, tunasema wazi kabisa kwamba hapa kuna kumi halafu kuna moja ya ziada. Ndo maana siku hizi simwambii tena binti yangu moja mbili tatu hewani, nataja na kitu chenyewe, kiatu kimoja, viatu viwili, mguu huu na huu, ngazi tunapanda moja, mbili, tumefika.

Vifaa sijanunua, vyote vimo humu ndani. Masufuria anaingiza dogo kwenye kubwa, akikosea linagoma kuingia lenyewe, mi wala sisemi kitu. Viatu vya mlangoni anatafuta pacha. Ndoo ya kuogea na kikombe, anajaza anamwaga, bibi yake akaja likizo akaleta kibaba akamkalisha kwenye mkeka wanapima mchele, kibaba kimoja, viwili, vitatu, vinne, haya pishi imejaa, halafu wanaurudisha wote wanaanza upya, saa nzima wako pale. Mama alikuwa hajui kama anafundisha hesabu, anasema nacheza na mjukuu wangu. Ila maharage, kokoto na vizibo vya soda usimwachie mtoto mdogo peke yake hata dakika moja maana vyote vinaishia mdomoni, mi natumia vitu vikubwa, malimao, viazi, soksi zilizoviringishwa.

Chekechea moja niliyompeleka alipotimiza mitatu walimpa daftari aandike 1 mpaka 20, mistari kwa mistari, kila siku. Alikuwa analia asubuhi akiliona begi. Nilikaa na mwalimu nikamweleza taratibu, akasema wazazi wenyewe ndo wanataka kuona maandishi, na hapo sikuwa na la kumjibu maana mi mwenyewe juzi tu nilikuwa nataka makofi ya wageni. Lakini mtoto ambaye hajaijua tano ni ngapi, ile michirizi ya penseli anaijuaje? Nilimtoa, nikampeleka kwingine wanakocheza na mchanga.

Juzi jioni tunataka kula, tuko wanne, mi na baba yake na bibi na yeye. Nikampa vijiko vitatu makusudi nikamwambia gawa. Cha bibi. Cha baba. Cha mama. Akafika sehemu yake ya mkeka mkono mtupu, akauangalia mkono, akatuangalia mmoja mmoja, kidole kinatembea hewani kinagusa kila mtu mara moja tu.

"Bado kimoja," akasema, akageuka akaenda jikoni kukichukua.