Darubini, dumu la mama watoto na usiku wa Mshtarii

Kwa wiki mbili nzima darubini yangu ilikuwa ya kutazamwa, si ya kutazamia. Imesimama sebuleni kwa miguu yake mitatu, nyeupe, na kila mgeni anauliza, "Karani, hii ndiyo ya kuonea nyota?" Najibu ndiyo, huku nafsi inanisuta.

Ni darubini ndogo ya lenzi. Kioo cha mbele kina upana wa milimita 70 na urefu wa fokasi, yaani kutoka kioo hadi pale picha inapokusanyika, ni milimita 700. Niliiagiza Dar, ikaletwa na basi hapa Lindi mwanzoni mwa Septemba 2022, wakati korosho bado ziko mikoroshoni na mizani yangu ya kuzipimia haina kazi. Boksi liliandikwa inakuza mara 350. Maneno ya boksi hayo. Kioo cha milimita 70 ukikivusha mara 140 hivi, unachokuza ni ukungu tu. Hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi: chukua 700, gawanya kwa namba iliyoandikwa kwenye kilenzi cha jichoni. Cha 25 kinakupa mara 28, cha 10 kinakupa mara 70. Mimi nilidhani namba ndogo ina nguvu ndogo, nikaanza na cha 10. Ni kama kutafuta sindano uani kwa kuchungulia tundu la ufunguo.

Juu ya hilo, kile kilengeo chenye nukta nyekundu, cha kuelekezea darubini, hakikuwaka. Siku ya tatu binti yangu alikifungua, akachomoa kiplastiki kilichozuia betri, kikawaka. Hakusema neno. Alinitazama tu.

Lakini tabu kubwa ilikuwa stendi. Ile sehemu inayobeba bomba la darubini mimi naiita shingo, na hii yangu ni shingo ya kawaida kabisa: juu na chini, kulia na kushoto, basi. Kijana mmoja wa Dar ninayewasiliana naye kwa simu alinisikitikia, akanishauri ninunue ile inayolazwa kufuata mhimili wa dunia, unailenga Nyota ya Kaskazini halafu inafuata nyota zote kwa skrubu moja. Nikamwambia njoo Lindi unioneshe hiyo Nyota ya Kaskazini. Sisi tuko nyuzi 10 kusini mwa Ikweta, yenyewe iko chini ya upeo wa macho. Ncha ya kusini ndiyo iko juu, lakini juu yenyewe ni nyuzi 10: nyoosha mkono, kunja ngumi, iweke juu ya upeo, hapo ndipo ncha ilipo, ndani ya mvuke wa bahari, na hakuna nyota kali ya kuishikia. Shingo ya kawaida inanitosha.

Kasoro yake ilikuwa mtikisiko. Ukigusa skrubu ya kufokasi, picha inacheza ngoma, unahesabu hadi tano ndipo itulie. Na bomba ukiliachia linainamisha pua polepole, nyota inapanda juu na kupotea. Nilikaza skrubu hadi kiganja kikauma, wapi.

Mtu aliyekaa na mizani miaka kumi na moja angepaswa kuliona hilo siku ya kwanza. Mizani ikilala upande huiponyi kwa kukaza, unatafuta uzito umezidi wapi. Nililegeza pete zinazoshika bomba, nikalisogeza nyuma kama vidole viwili, kilenzi na kioo cha pembeni (kile kinachopinda mwanga kuelekea jichoni) vikiwa mahali pake, kwa sababu navyo vina uzito. Nikaachia mkono. Likabaki pale pale. Nikalisukuma kwa kidole kimoja, likaenda, likasimama. Nilirudia mara nne au tano kwa raha tu.

Miguu nayo nilikuwa nimeivuta yote ili nisiiname. Nikairudisha nusu, nikaamua kukaa kwenye kigoda. Halafu kuna kile kisahani kinachounganisha miguu katikati, nikafunga kamba hapo na kuning'iniza dumu la lita tano, uzito wake utulize mtikisiko.

Jioni ya tarehe 26 tukashuka ufukweni mapema, saa kumi na moja, jua likiwa mgongoni. Hilo la jua si la mzaha: darubini ikilielekea jua na jicho likiwepo, jicho limekwenda. Kofia ya kioo nilimkabidhi binti yangu, haitoki mpaka bomba limegeuzwa upande wa Kitunda, ng'ambo ya maji. Dumu tulilijaza maji ya bahari pale pale, kilo tano na ushee, maana maji ya chumvi ni mazito kidogo kuliko ya bomba.

Ng'ambo ya Kitunda nikachagua mnazi mmoja uliojitenga. Nikauweka katikati kwa kilenzi cha 25, nikakaza, kisha bila kugusa bomba nikazungusha viskrubu vya kilengeo hadi nukta nyekundu ikae kwenye kilele cha mnazi ule ule. Nikaweka cha 10, nikasahihisha tena. Dakika kumi. Kazi hii niliyoikosa kwa wiki mbili inafanyika mchana, maana mnazi hausogei. Boti lililokuwa linavuka kwenda kulia, ndani ya darubini lilikwenda kushoto. Binti akadhani nimeharibu kitu. Ni kile kioo cha pembeni, kinageuza kulia na kushoto.

Mwezi ulikuwa mpya usiku uliotangulia, kwa hiyo giza lilikuwa la haki. Mshtarii, yaani sayari ya Jupita, ilichomoza upande wa baharini jua linapozama. Siku ile ilikuwa kama kilomita milioni 591 kutoka kwetu, karibu kuliko wakati wowote tangu 1963. Saa mbili na nusu nikaweka nukta nyekundu juu yake, nikachungulia, na ikawa humo. Mara ya kwanza! Kiduara cheupe chenye mistari miwili hafifu, pembezoni rangi ya zambarau kidogo (lenzi za bei yangu ndivyo zilivyo), na vinukta vya miezi vimejipanga kama shanga. Kwa mara 70 inachukua dakika moja na nusu hivi kutoka katikati hadi kutoweka, kwa kuwa dunia inazunguka, hivyo mmoja akichungulia mwingine anamkumbusha asukume kidogo.

Mzee mmoja aliyekuwa anatengeneza nyavu alisogea.

"Shikamoo, babu. Karibu uone."

"Marahaba." Akachungulia kwa muda mrefu. "Na Berlin inafika? Nimsalimie mjusi wetu."

Tukacheka. Mtu wa Lindi akiona kitu cha kizungu lazima aulizie mifupa ya Tendaguru, ile ya dinosaria iliyochimbwa hapa Lindi ikapelekwa Berlin.

Zohali, ile sayari yenye pete, ndiyo ilinitesa. Saa tatu ilikuwa karibu utosini kabisa, na shingo ya juu-chini haipendi utosi: mkia wa bomba unagonga mguu wa stendi, kilenzi kinashuka magotini, na kulia-kushoto kunapoteza maana. Tulisubiri hadi saa nne na nusu ilipoanza kuelekea magharibi. Pete zilionekana, ndogo lakini zimeachana na sayari pande zote mbili. Binti yangu alipiga magoti mchangani akakataa kuondoka zamu yake ilipokwisha.

Tulirudi na umande kwenye kioo. Sikuufuta, niliacha bomba likauke lenyewe sebuleni, limeinamishwa.

Dumu nililirudisha jikoni nikaenda kulala. Asubuhi mama watoto alionja chai, akakitua kikombe, akauliza ni nani aliyetia chumvi kwenye dumu lake.