Nilivyobadili sentabolti ya tela iliyokatika

Tulikuwa tumetoka Mafinga na magunia ya viazi. Hata Ifunda hatujafika, tela likaanza kuvuta upande. Nikashuka: tairi la kushoto limerudi nyuma, linalamba madigadi. Springi yenyewe ilikuwa nzima, haijavunjika. Nikahangaika na bushi bure kwa nusu saa kabla ya kuona kuwa ekseli imeteleza kwenye kikalio chake. Sentabolti, kile kibolti cha katikati kinachoshika vyuma vya springi pamoja na kuiweka ekseli mahali pake, imekatika, kichwa kimebaki ndani ya tundu la kikalio.

Watu husema kinachoikata ni mzigo. Mara nyingi ni yubolti zilizolegea: hizo ndizo zinazoibana ekseli kwenye springi. Zikilegea, kila ukikanyaga breki ekseli inasukumwa, na kile kibolti chembamba kinabeba yote peke yake.

Kijana akarudi Mafinga kwa bodaboda kununua sentabolti na yubolti mpya. Sisi tukashusha magunia (kazi kuliko ukarabati wenyewe), nikaweka mawe kwenye tairi la upande wa pili, jeki moja chini ya fremu, nyingine chini ya ekseli. Kabla ya kugonga mabaki ya bolti, vibane vyuma vya springi kwa klampu, la sivyo vitafumuka. Kichwa kilichonasa nilikitoa kwa tindo na nyundo. Bolti mpya ilikuwa ndefu. Nikaikaza, nikakata mkia. Ekseli ikarudishwa polepole mpaka kichwa kikazama tunduni, ndipo nikafunga yubolti mpya kwa kupokezana, kona kwa kona.

Tulipofika Iringa nikazikaza tena. Zilikubali karibu robo duara.