Dimbwi moja la maji

Leo nimesimama dakika kumi nzima ndani ya gemu bila kugusa misheni hata moja.

Gemu yenyewe niliimaliza zamani. Asubuhi nikawasha lile chaguo la kufuatilia miale ya mwanga, yaani mashine inapiga hesabu ya jinsi mwanga unavyodunda, badala ya kutegemea vivuli vilivyochorwa mapema.

Mvua ikaanza.

Kwenye dimbwi nikaona taa nyekundu ikitetemeka. Kila tone linaivunja, kisha inajiunga tena. Nikamsogeza mhusika wangu, kivuli chake kikapita taratibu juu ya ule wekundu.

Jamani, nilisisimka mwili mzima.

Jioni nikatazama filamu. Picha 24 kwa sekunde, kiwango kilekile tangu sinema zilipoanza kutoa sauti miaka ya 1920. Gemu yangu inakwenda 60! Lakini filamu ndiyo iliyoniliza. Ule ukungu mwembamba mkono unapopita haraka, naupenda mno, wasije wakauondoa.

Muziki mpya nimesikiliza wimbo mmoja tu, mara sita. Wameacha pumzi ya mwimbaji kabla ya kiitikio.

Nyie je, ni picha gani ya gemu iliwahi kuwasimamisha? Nitajieni hapo chini, nataka kuziona zote.